Nasibu katika Seli: juu ya Kitabu cha Jacques Monod

Kila mwaka wafratri wanaoanza filozofia huja kutuuliza juu ya kitabu kimoja. Kilitoka Paris mwaka 1970, na jina lake kwa Kifaransa ni Le Hasard et la Nécessité. Tukilitafsiri tutasema: Nasibu na Lazima. Aliyekiandika, Jacques Monod, alikuwa bingwa wa elimu ya seli, naye alikufa mwaka 1976. Wengine watasema: kitabu cha zamani hivyo, kwa nini kukirudilia? Sababu ni hii: kinatajwa bado katika shule zetu, lakini wanaokitaja wengi hawajakisoma. Mwanafunzi wa univerzite hukitaja kusudi aonyeshe kwamba sayansi imemfukuza Mungu. Padri hukitaja katika mahubiri kusudi aonyeshe upumbavu wa wasiosadiki. Tumewasikia wote wawili. Na tulipowauliza protini ni kitu gani, wote wawili walinyamaza.

Basi tunataka kukipima kitabu hiki kwa haki. Kwanza tutasema yale kinayofundisha vizuri, kisha fasi kinapovuka mpaka wake, na mwisho kosa letu sisi wenyewe. Maana tunaona ya kuwa mtu asiyejifunza mambo ya seli hana ruhusa ya kumjibu Monod.

1. Mtu na kitabu chake

Monod alizaliwa Paris mwaka 1910. Wakati wa vita ya pili alikuwa mmoja wa Wafaransa waliopigana kwa siri na Wajerumani waliotawala nchi yao. Alitumika miaka mingi katika Institut Pasteur, na mwaka 1965 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na wenzake François Jacob na André Lwoff. Kazi yao ilikuwa kuchungua ginsi seli inavyotawala mambo yake ya ndani. Si mtu aliyeandika kwa kusikia. Aliandika yale aliyoyashika kwa mikono yake.

Kitabu kina sura tisa. Saba za kwanza zinaeleza uhai unavyotumika katika molekuli zake na viumbe walivyogeuka tangu zamani. Mbili za mwisho zinatazama mafumbo yaliyobaki, kisha mtu na fasi yake ulimwenguni. Wengi wetu hukimbilia sura ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayotuudhi. Hii ni namna mbaya ya kusoma. Ni kama mtu anayefika mahakamani wakati wa hukumu bila kusikia mashahidi.

2. Yale anayofundisha vizuri

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gamba la mti kwa mikroskopi, akaona vyumba vidogo vidogo vimepangana. Akaviita kwa jina la chumba kidogo, kama kile cha mmonaki. Ndilo jina seli mpaka leo. Kila kiumbe chenye uhai ni seli, ao mkusanyiko wa seli. Bakteri ni seli moja tu, na bakteri 500 hivi za matumbo yetu zikipangwa mstari mmoja zinafanya milimita 1.

Ndani ya chumba hiki kidogo mna watumishi, nao ndio protini. Monod anawaeleza kwa usafi tusiouona katika vitabu vingi vya shule. Protini ni mnyororo wa punje zinazoitwa asidi amino. Fikiri rozari ndefu yenye punje za rangi 20, nazo zimefuatana kwa mpango fulani. Rozari hii haikai imenyoshwa. Inajikunja yenyewe, na namna ya kujikunja inatoka katika mfuatano wa punje zake. Ikiisha kujikunja ina umbo, na umbo hilo ndilo kazi yake. Ile inayoitwa enzimi ina pengo ndani yake ambamo huingia molekuli ya namna moja tu, kama ufunguo katika kufuli. Inaikata ao inaiunga na nyingine, kisha inaiacha, inapokea ya pili. Kwa kazi hizo ndogo zisizohesabika seli inakula, inakua, inazaa.

Nani anapanga punje? Mpango umeandikwa katika ADN, ule uzi wa nyuzi mbili zilizosukwa, ambao umbo lake lilijulikana mwaka 1953 kwa kazi ya Watson na Crick, wakisaidiwa na picha za Rosalind Franklin. Herufi zake ni nne tu. Herufi tatu zinafanya neno moja, na neno moja lataja asidi amino moja. Kwa hiyo maneno ni 64, nayo yanatosha kutaja zile 20 na kuonyesha mwisho wa sentensi. Seli inanakili maneno hayo katika ARN, na nakala hiyo inapelekwa kwenye ribozomu, ndicho kiwanda kinachounga punje moja baada ya nyingine. Kamusi hii ni ileile, isipokuwa tofauti chache sana, kwa bakteri, kwa mhogo, kwa tembo na kwa mtu. Msomaji asipite haraka hapa. Viumbe vyote tunavyovijua vinasoma kitabu kimoja.

Kisha Monod anatueleza kazi yake mwenyewe. Katika uchunguzi alioutoa mwaka 1941 aliweka bakteri katika maji yenye sukari mbili. Bakteri zilikula kwanza sukari iliyo nyepesi kwao, wakasimama kidogo bila kukua, kisha wakaanza kula ya pili. Tungesema: zimechagua, tena zimefikiri. Kazi iliendelea miaka 20. Mwaka 1961 Jacob na Monod walieleza ginsi mambo yanavyokuwa kwa laktozi, ile sukari ya maziwa. Kuikata laktozi kunataka enzimi yake, na kuitengeneza enzimi isiyo na kazi ni hasara. Kwa hiyo kuna protini nyingine iliyokaa juu ya ADN kama mlinzi mlangoni, inazuia maneno ya enzimi yasisomwe. Laktozi ikiingia, molekuli inayotoka kwake inamshika mlinzi. Mlinzi anageuka umbo, anaachilia mlango, na usomaji waanza. Laktozi ikiisha, mlinzi anarudi fasi yake. Kuna na alama nyingine inayoonyesha kwamba sukari ya kwanza imekwisha. Ndiyo hekima yote ya bakteri: molekuli zinazogusana na kuachana.

Hapa Monod ana haki, na tunapashwa kukubali bila kunung'unika. Zamani walimu wengine wa dini walipenda kusema kwamba ndani ya seli kuna nguvu ya siri isiyo ya kimwili, nao wakafikiri wamepata mlango wa kumwingiza Mungu. Monod ameufunga mlango huo, na amefanya vema. Mtakatifu Tomasi wa Akwino hakuhitaji nguvu ya namna hiyo: aliposema roho ni umbo la mwili, hakutaka kusema ni kipande kimoja zaidi kilichofichwa kati ya vipande vingine.

3. Nyundo ya fundi

Sasa tufike kwenye neno lililoleta vita: hasard. Wakati seli inaponakili ADN, mara chache sana herufi moja inakosewa. Kosa hilo halina shauri na faida ao hasara ya kiumbe. Halitokei kusudi limsaidie, wala kusudi limwue. Kisha, likiisha kutokea, linanakiliwa kwa uaminifu kama maneno mengine yote, na maisha yenyewe yanalipima: linalosaidia hubaki, linalodhuru hupotea. Kosa ni nasibu. Kunakiliwa na kupimwa ni lazima. Ndiyo maana ya jina la kitabu.

Kusudi aeleze nasibu ya kweli, Monod anatoa mfano wa daktari aliyeitwa kwa mgonjwa. Njiani fundi anatengeneza paa. Nyundo yamponyoka, yamwangukia daktari, afa. Safari ya daktari ina sababu zake, na kuanguka kwa nyundo kuna sababu zake. Lakini njia hizo mbili hazijuani. Kukutana kwao ndiko nasibu.

Neno gani tutumie katika lugha yetu? Tumekataa kusema bahati. Kivu watoto wengi wanaitwa Bahati, na mzazi anayempa mtoto jina hilo anashukuru. Kwake bahati ni kitu alichopewa, tena kuna aliyempa. Hasard ya Monod haina mpaji. Ndiyo sababu tumeshika nasibu, ingawa si neno la kila siku kwetu. Na kwamba hatuna neno jepesi kwa jambo hilo, ni alama ya kufikiri. Watu wetu wengi hawakubali kwamba njia mbili zaweza kukutana bila mtu kuzikutanisha.

Wazande wa kaskazini ya Kongo wana mfano uliojulikana sana tangu kitabu cha Mwingereza Evans-Pritchard cha mwaka 1937. Ghala inaanguka juu ya watu waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanajua pia kwamba watu walikaa pale juu ya jua kali. Lakini wanauliza: kwa nini ianguke saa ile, juu ya watu wale? Nao wanajibu: uchawi. Tazameni: ghala ya Wazande na nyundo ya Monod ni jambo moja. Mmoja asema: hakuna aliyetuma. Mwingine asema: yuko aliyetuma, tumtafute.

4. Kosa la herufi moja

Tusibaki kwenye mifano ya vitabu. Hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu yetu, ina minyororo minne ya namna mbili. Namna moja ina punje 146. Katika watu wengi wa nchi zetu, neno la sita la mnyororo huo limekosewa herufi moja katika ADN. Fasi ya asidi amino iitwayo glutamiki inakaa valini. Punje moja juu ya 146, basi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa huu ni ugonjwa wa molekuli, na mwaka 1957 Vernon Ingram akaonyesha ni punje gani iliyogeuka.

Aliyepokea kosa hilo kwa mzazi mmoja tu anaitwa AS. Huishi vema karibu sikuzote. Aliyelipokea kwa wazazi wote wawili ni SS. Hemoglobini zake, zikiisha kutoa oksijeni, zinashikana na kufanya nyuzi ndefu ngumu. Seli nyekundu inapindika kama mundu, inaziba mishipa midogo, inakufa upesi. Mtoto ana maumivu ya mifupa, mikono na miguu inavimba, macho yanakuwa manjano, damu inapunguka.

Kwa nini kosa baya hivi halikupotea? Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa uchunguzi wa Afrika ya Mashariki, kwamba mwenye AS anakingwa na malaria kali. Basi herufi ileile iliyokosewa inamlinda mtoto huyu na malaria, na inamwua ndugu yake. Hapa nasibu na lazima ya Monod si maneno ya Paris. Yamo katika damu ya waumini wetu.

Tunapashwa kuungama jambo. Tulipokuwa vikari katika parokia moja ya vijiji, tulimzika mtoto wa tatu wa nyumba moja. Wa kwanza alikuwa amekufa mwenye miaka 2, wa pili 4, na huyu 6. Siku ya maziko tulihubiri kwamba hakuna jambo duniani linalotokea bure, na kwamba kila kitu kina aliyekitaka. Tulifikiri tunawafariji. Wakubwa wa ukoo walitusikiliza vizuri sana. Usiku ule wakakaa baraza, wakasema: Padri amesema kila kitu kina aliyekitaka, basi ni nani? Wakamtaja shangazi wa baba, mjane asiye na mtoto. Mwezi ule haujaisha, alifukuzwa na nyumba yake ikachomwa. Baadaye mwuguzi wa dispanseri akashauri baba na mama wapimwe damu. Wote wawili AS.

Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mtoto ana mara moja juu ya nne ya kuwa SS. Si kwamba akiisha kufa mmoja watatu wanaofuata watapona. Kura hupigwa upya kwa kila mimba. Nyumba ile ilipigiwa kura mbaya mara tatu. Hakuna aliyeituma. Tulikwenda kumtafuta shangazi tumweleze. Alikuwa amehamia mbali kwa watu wengine, wala hakutaka kurudi.

Siku hiyo tulifahamu kwamba neno la Monod, tulilofundishwa seminarini kulipinga, lingalimwokoa mwanamke yule. Na mahubiri yetu, tuliyoyaona kuwa ya kidini, yalimhukumu.

5. Fasi Monod anapovuka mpaka

Je, tumekubali basi yote? Hapana. Tunamlaumu kwa mambo matatu.

La kwanza ni juu ya neno nasibu lenyewe. Monod anaonyesha vizuri kwamba kosa la herufi halina kusudi kati ya sababu za molekuli. Kisha, katika sura ya mwisho, anageuka na kusema kwamba mtu yuko peke yake katika ulimwengu usiomjua, kwa kuwa alitokea kwa nasibu. Kati ya maneno hayo mawili kuna mto, naye anauvuka bila daraja. Mtakatifu Tomasi alijua mfano unaofanana na nyundo. Bwana mmoja anatuma watumishi wawili fasi moja, na hawa hawajuani habari. Wanakutana. Kwao ni nasibu kweli. Kwa bwana si nasibu. Tena katika kitabu chake cha tatu cha Summa contra Gentiles, sura ya 74, anaeleza wazi kwamba Maongozi ya Mungu hayaondoi nasibu duniani. Mungu ameumba vitu vyenye kutumika kweli kwa nguvu zao wenyewe. Na fasi sababu nyingi zinapotumika kweli, kukutana kwa nasibu kutakuwako.

Lakini tuangalie tusiuharibu mfano huo wa watumishi. Anayeusoma haraka atasema: basi Mungu ndiye aliyetuma nyundo. Huyo amerudi kwenye ghala ya Wazande, amegeuza tu jina la mchawi. Tomasi hasemi kwamba kila kosa la herufi ni mshale uliorushwa kwa mtoto fulani. Anasema kwamba ulimwengu wenye nasibu haujatoka mikononi mwa Mungu. Hilo ni neno lingine kabisa. Monod hakulipima, maana alidhani kuna njia mbili tu: ao kila kitu kimekusudiwa kimoja kimoja, ao hakuna aliyekusudia lolote.

La pili ni juu ya sheria ya kazi yake. Anasema sayansi inasimama juu ya shauri moja: kutokubali kamwe kusudi kuwa maelezo ya jambo la asili. Shauri hilo ni jema kwa kazi, na bila hilo wasingalimpata mlinzi wa mlango wa laktozi. Lakini kutoka "sitatafuta kusudi" hatuwezi kuruka kwenye "kusudi halipo". Mizani ya dispanseri yapima kilo za mtoto. Mapendo ya mama hayaonekani juu yake, na mwuguzi hasemi kwamba mama hapendi. Tena Monod mwenyewe akiri, na hapa tunamheshimu, kwamba kuchagua ukweli wa elimu kuwa mema makubwa si jambo lililotoka katika elimu. Ni mtu anayechagua. Basi kwa kinywa chake kuna angalau kitu kimoja kikubwa ambacho molekuli hazikumfundisha, na juu ya kitu hicho amejenga maadili yake yote. Tungependa angekaa hapo zaidi. Amepita.

La tatu ni juu ya picha yake ya seli. Anaionyesha kama ngome iliyofungwa, isiyoweza kupokea fundisho lolote kutoka nje. Kwa sehemu picha hiyo imesimama: mpaka leo hakuna aliyeona protini ikiandikwa upya kuwa ADN. Lakini mwaka uleule wa 1970 Howard Temin na David Baltimore walionyesha kwamba virusi fulani hunakili ARN kuwa ADN na kuiingiza katika kitabu cha seli. Hivyo ndivyo kifanyavyo kirusi cha SIDA, kinachojulikana kwetu kwa uchungu. Tena, mitokondri, zile ala za ndani ya seli zetu zinazotoa nguvu kwa kutumia oksijeni, zilikuwa zamani bakteri zilizoingia katika seli nyingine zikabaki humo. Lynn Margulis aliandika hivyo mwaka 1967, wengi wakakataa, na leo wataalamu wamekubali. Mitokondri bado zina ADN yao wenyewe. Hatusemi kwamba jambo hilo lathibitisha dini yetu. Tunasema tu kwamba aliyemwona mtu kuwa mpweke hakuona kwamba hata seli ya mtu ni nyumba yenye wageni wa kale.

6. Kosa letu sisi

Monod alikiri fumbo moja kubwa. Maneno ya ADN hayana faida bila kiwanda cha kuyasoma. Lakini kiwanda hicho chenyewe kimeandikwa katika ADN. Kipi kilitangulia? Aliona kwamba uhai kuanza ulikuwa karibu neno lisilowezekana, kura moja iliyotokea mara moja.

Watetezi wengi wa dini walilirukia fumbo hilo kwa furaha. Walisema: tazameni, sayansi imeshindwa, hapa ndipo Mungu. Kisha katika miaka ya 1980 Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha kwamba ARN yaweza yenyewe kutumika kama enzimi, wakapewa Nobel mwaka 1989. Mwaka 2000 umbo la ribozomu likajulikana vizuri, ikaonekana kwamba fasi ile hasa inayounga asidi amino ni ARN. Basi yaweza kuwa palikuwa zamani na molekuli iliyokuwa maandiko na mtumishi pamoja. Fumbo halijaisha, lakini mlango umefunguka. Na Mbelgiji Christian de Duve, mwalimu wa Louvain aliyegundua lizozomu na kupewa Nobel mwaka 1974, aliandika mwaka 1995 kinyume cha Monod, kwamba mahali penye hali zinazofaa kemia yenyewe yapashwa kuzaa uhai. De Duve hakuandika hivyo kwa kutetea dini. Sasa wale waliomweka Mungu katika fumbo la kiwanda, watamhamishia wapi?

Padri Georges Lemaître, yule Mbelgiji aliyefundisha kwamba ulimwengu ulianza mdogo sana ukapanuka, hakutaka hesabu zake zigeuzwe kuwa uthibitisho wa Uumbaji, ingawa wakubwa wengine wa Eklezia walizipenda kwa sababu hiyo. Alijua kwamba Mungu anayeishi katika ujinga wetu hufukuzwa kila mara tunapojifunza. Na Gregor Mendel, mmonaki wa Brno, hakumtafuta Mungu katika fasi zisizofahamika za njegere zake. Alihesabu njegere, akatangaza hesabu mwaka 1866. Hata kura ya AS na AS, mara moja juu ya nne, ni hesabu yake. Papa Yoane Paulo II aliposema mwaka 1996 kwamba mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana tu, alituachia kazi ya kusoma, si ruhusa ya kulala.

7. Hukumu yetu

Kitabu cha Monod kisomwe. Mfratri wa filozofia akisome na mwalimu, naye aanze sura ya tatu, ya nne na ya tano, asiguse ya mwisho mpaka aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe mlinzi wa laktozi. Padri akisome kusudi aache kutumia neno "bure" ovyo kwenye kaburi. Lawama zake juu ya Padri Teilhard de Chardin ni kali, na msomaji atazipima. Sisi tunaona amemwonea kwa sehemu, na kwa sehemu amesema kweli.

Mkatekista hahitaji kitabu chenyewe. Anahitaji mambo matatu yaliyomo: kwamba mwili wetu ni seli zenye kitabu ndani, kwamba kitabu hicho chaweza kukosewa herufi bila mtu kukikosesha, na kwamba damu yaweza kupimwa. Wanaojiandaa kwa ndoa washauriwe kupima hemoglobini zao kabla ya siku ya matangazo, na wenye AS wote wawili waelezwe kwa upole hesabu ya Mendel, waamue wakiwa na ujuzi. Na nyumba inapozika mtoto wa pili ao wa tatu, mkatekista afike mbele ya baraza la ukoo, asingoje kufika baada yake.

Juu ya mahubiri ya maziko, sisi tumebadili desturi. Hatusemi tena kwamba kila kitu kina aliyekitaka. Tunasema kwamba mtoto huyu amekufa kwa ugonjwa wa damu, kwamba hakuna mtu aliyeutuma, na kwamba Mungu hakumwacha. Neno la kwanza na la pili Monod angaliweza kulisema pamoja nasi. La tatu hatukulipata katika seli, wala hatuhitaji kujidai kwamba tumelipata humo.